Simu Isiyohitaji Mlingoti

Kitengela ina wauza simu wengi kuliko wauza nyanya, na wote huuza simu zilizoko. Ngigi wa Kimani aliuza zilizoko huku akizungumza habari za zisizokuwepo. Mteja aliingia dukani kwake kutafuta chaja, akatoka akijua jinsi simu ya mwaka ujao itakavyokuwa: unene wake, rangi yake, na mahali kamera zitakapokaa.

Duka lenyewe lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, kando ya barabara ya Namanga, kati ya bucha na duka la dawa. Lilisimama kwenye ploti ya marehemu kaka yake, Githongo, ambaye alifika Kitengela wakati nyumbu walikuwa bado wanakatiza pale panapoegeshwa malori leo. Githongo alinunua ardhi kwa mzee mmoja wa Kimaasai na akamtimizia kila kitu walichopatana, mbele ya mashahidi, katika miaka ambayo wengi walichukua mashamba kwa soda na maneno matamu. Watu wa nyumba hiyo hawakujisifia mali. Walijisifia hilo.

Ngigi alikuja kutoka Kinangop baada ya kidato cha nne. Alianza kwa kukata maua ya waridi katika vibanda vya nailoni huko Isinya, na pale ndipo alipoiona simu ya mkononi kwa mara ya kwanza, ikining'inia kwenye mshipi wa msimamizi. Miaka michache baadaye aliacha waridi akafungua kibanda cha simu ya jamii. Watu walipanga foleni kuzungumza na wazazi wao, wapangaji wao, wapenzi wao. Ngigi, aliyekaa hatua mbili tu kutoka kwao akishika saa, alisikia mambo ya nusu ya mji, na hakuna lililowahi kusikika likitoka kinywani mwake. Judy, mkewe, alimpata hapo hapo: alikuwa akizungumza na mama yake huko Ol Kalou, laini ikakatika katikati ya habari ya ugonjwa, na Ngigi akairudisha mara nne bila kumdai kitu. Kutoka kibandani alihamia kwenye ukarabati, kutoka kwenye ukarabati akaingia dukani.

Uvumi ulimwingia polepole, jinsi wengine wanavyoingiwa na siasa. Kila mwaka, mvua za masika zikikaribia, habari zilianza kuvuja kutoka viwandani Uchina: mchoro uliopigwa picha kwa siri, kioo cha mbele kisicho na simu, neno la mtu anayemjua mtu. Ngigi alizisoma zote asubuhi kabla ya kufungua mlango. Lakini alikuwa na nidhamu yake. Kila jambo alilitanguliza kwa neno moja, "inasemekana," na mtu akimkazia, alilirudia. Kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kumwita mwongo, hata miaka ambayo simu ilitoka tofauti kabisa na alivyoieleza.

Msikilizaji wake mkuu alikuwa Obonyo, dereva wa lori la saruji, aliyekunywa chai yake kwenye benchi la duka akingoja kupakiwa.

"Leta habari," Obonyo alisema asubuhi moja ya mwezi wa tano. "Kamera zimehama?"

"Inasemekana zimehama. Zamani zilikaa kwa kona kama mayai kwa kiota. Sasa ziko kwa mstari mmoja, kutoka bega mpaka bega."

"Kama kwaya."

"Na inasemekana imekuwa nyembamba. Tundu la chaji wanatoa."

"Sasa itakula kupitia wapi?"

"Kwa mgongo. Unailaza kwa sahani yake, inashiba."

Obonyo alipuliza chai. "Ng'ombe wangu wa kule Siaya akianza kula kwa mgongo, siku hiyo hiyo namuuza."

"Hiyo si kubwa," Ngigi akaendelea, na sauti yake ikashuka kidogo. "Kubwa ni hii. Inasemekana itapiga simu mahali hakuna network kabisa. Haitafuti mlingoti. Inaongea na setilaiti moja kwa moja."

"Mume wangu anaishi mwaka ujao," Judy alisema kutoka nyuma ya kabati la kava, akimwambia Obonyo. "Mimi ndiye nimebaki huku na nyinyi."

Wiki hiyo hiyo Ngigi alipata sanamu ya simu hiyo. Wanaotengeneza kava hawangoji simu itoke. Hupata vipimo mapema na kuchonga mfano wa chuma na kioo usio na kitu ndani, ili kava zao ziwe tayari siku ya kwanza. Mfanyabiashara mmoja wa barabara ya Luthuli, Nairobi, alimpa Ngigi mmoja. Ulikuwa na rangi ya shaba, mwembamba, na kamera zake tatu za uongo zilisimama kwenye mstari. Ngigi aliutia katika mfuko wa koti na hakuutoa tena ila kuuonyesha.

Ulikuwa mfukoni humo siku walipokwenda kuzungumza mahari ya Naeku.

Naeku alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya Kitengela. Kijana aliyetaka kumwoa alikuwa Kimani, mwenye jina la babu yake, mtoto wa pekee wa marehemu Githongo, mhasibu katika kiwanda cha saruji cha Athi River. Kwa kuwa baba hayupo, Ngigi ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Mama wa kijana, Waithera, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na hata shemeji yake alimwita Mwalimu. Tangu kumzika mumewe alikuwa amelilinda jina la nyumba ile kama mtu anayebeba maziwa kwenye sufuria isiyo na kifuniko. Asubuhi ya safari alikuwa amemwambia Ngigi maneno machache: "Sema kidogo. Kisha kitimizwe."

Nyumbani kwa kina Naeku ni mbele ya Bisil, mbali na lami, kwenye uwanda ambapo mtu huona gari likija muda mrefu kabla halijafika. Baba yake, mzee Kuntai, alikuwa amewaita wazee wenzake. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Ng'ombe walikubaliwa, blanketi, sukari, asali. Zikabaki zawadi za watu wa nyumbani, na hapo ikafika zamu ya mama wa binti, Seleyian.

Katika desturi ya watu hao, Wamaasai, mkwe na mama mkwe hawaitani kwa majina yao. Kijana humpa mama mkwe kondoo, na tangu siku hiyo wawili hao huitana Paker, yaani mtu tuliyepeana kondoo. Waliopeana ng'ombe huitana Pakiteng. Zawadi inakuwa jina, na jina linabaki hata mnyama akishafa, hata mifupa yake ikishapotea. Ndiyo maana hakuna anayepeleka zawadi ya namna hiyo ikiwa na kasoro.

Wakati wazee wakipumzika kwa chai, Ngigi alitoa ile sanamu ya simu ili kuchangamsha baraza. Ilizunguka mkono kwa mkono. Mzee mmoja aliipima uzito, mwingine akajitazama kwenye kioo chake. Seleyian aliiweka sikioni.

"Imenyamaza," alisema.

"Hiyo ni umbo tu," Ngigi akaeleza. "Yenyewe inakuja mwezi wa tisa."

Mzee Ledama, rika la baba wa binti, alikuwa akingoja nafasi kama hiyo. "Nyinyi watu wa Kitengela mna mtindo wa kutanguliza sanamu," alisema. "Mlitaka mashamba, mkaleta maneno, mashamba yakaenda. Leo mnaleta sanamu ya simu. Kesho mtaleta ngozi mtuambie ng'ombe yuko nyuma anakuja."

Boma zima lilicheka. Waithera hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mzee, marehemu mume wangu hakuchukua hata futi moja ya ardhi kwa maneno."

"Tunajua, Mwalimu. Ndio maana lango lilifunguliwa. Wengine huwa tunaongea na wao wakiwa huko nje ya ua la miiba."

Wakacheka tena, safari hii kwa upole, lakini Ngigi alikuwa amekwisha kuchomwa. Ndipo Seleyian, ambaye bado alikuwa ameshika ile sanamu, alipomgeukia.

"Wewe mwenye simu. Hiyo yenyewe itashika hapa kwangu? Hapa kwa huu mlango? Maana yangu nikitaka kusikia mtu, lazima nipande ule mlima wa kule, na magoti yangu hayataki tena."

"Itashika, ng'oto Naeku," Ngigi alisema, akimwita mama Naeku kwa Kimaa. "Haihitaji mlingoti. Unasimama hapa mlangoni, inaongea na setilaiti. Naeku akiwa Kitengela na wewe hapa, ni kama mko jikoni moja."

Seleyian alimtazama binti yake, kisha akaitazama sanamu. "Basi mimi sitaki kondoo. Kijana aniletee hiyo. Binti yangu anaenda mbali na mimi nataka kumsikia nikiwa kwangu."

Wanawake waliokuwa wameketi kando walianza kulijaribu jina jipya midomoni. Sasa mkwe wako utamwita nani? Pasimu? Walicheka mpaka wakafutana machozi kwa shuka zao, na jina likawapendeza. Wazee nao hawakuona ubaya. Walibariki kwa maziwa na majani mabichi, na kilichosemwa kikawa kimesemwa.

Garini, walipoikaribia Kajiado, Waithera alizungumza mara moja tu.

"Ngigi, leo umesahau neno lako."

"Neno gani, Mwalimu?"

"Unalijua."

Ngigi alilijua. Alitazama nje, mahali ambapo mbuzi walikuwa wakivuka barabara bila haraka, na akajiambia kwamba mwezi wa tisa si mbali.

Simu ilitoka mwezi wa tisa kama ilivyovumishwa. Ngigi aliisoma habari yake asubuhi, amesimama, mlango wa duka ukiwa nusu wazi. Kamera zilikuwa kwenye mstari. Ilikuwa nyembamba, na rangi ya shaba ilikuwepo. Tundu la chaji lilibaki palepale. Na setilaiti ilikuwepo vilevile, ila chini kabisa ya maelezo, kwa herufi ndogo, palikuwa na nchi ambazo huduma hiyo ingefanya kazi. Alizipitia juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Kenya haikuwemo. Na hata huko ilikotajwa, ilikuwa ya kuandika ujumbe wa kuomba msaada mtu akipotea milimani. Sauti ya mtu haikupita humo.

Kimani alikuwa ameagiza moja tayari, kwa sababu siku ya kupeleka mahari ilikuwa imepangwa kabla ya Krismasi. Ilipofika, aliileta dukani jioni moja ikiwa bado kwenye boksi.

"Ni nzuri," Judy alisema akiigeuza. "Mpelekeeni tu. Siku hiyo kutakuwa na watu na kelele na nyama. Nani atapiga simu? Akikosa network atasema ni mawingu."

"Atasema ni mawingu wiki moja," Kimani alijibu. "Anko, mimi ndiye nitaitwa hilo jina. Kila nikiingia kwa ile boma, miaka yote, naitwa jina la simu isiyosikia."

Ngigi alilivuta boksi karibu yake. Alikuwa amewahi kukosea juu ya simu mara nyingi, lakini kosa lilikuwa la wale waliosema, yeye alilipitisha tu. Safari hii alipotafuta nyuma yake mtu mwingine aliyesema, hakumwona.

Siku iliyofuata Waithera alimwita. Sebuleni kwake palikuwa na picha ya Githongo akiwa na suti ya kijivu, na viti vyenye vitambaa alivyofuma mwenyewe. Alimwachia Ngigi amalize kueleza.

"Wanawake hao walisikia nini?" aliuliza.

"Kwamba itashika."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi kinywa hicho hicho kirudi hapo hapo. Kabla ya ng'ombe, si baada ya ng'ombe."

"Mwalimu, pengine Naeku amweleze mama yake polepole. Au tumpigie—"

"Umpigie wapi, Ngigi?"

Ilikuwa kweli kwamba mtu pekee asiyeweza kupigiwa simu kuhusu jambo hilo alikuwa Seleyian.

"Wale watu walitutania kwamba tunakwenda kwao na maneno," Waithera alisema. "Mzaha. Ukipeleka simu hiyo na kunyamaza, hautakuwa mzaha tena. Utakuwa habari yetu, na watakuwa na haki. Githongo hakuishi hapa hivyo."

Ngigi alikwenda siku ya tatu yake, akiwa na boksi la simu kwenye begi. Alishuka Bisil na kuchukua pikipiki. Alimkuta Seleyian zizini akiwanywesha mbuzi dawa ya minyoo. Alikuwa na chupa mkono mmoja na taya la mbuzi mkono mwingine, na mbuzi alikuwa na maoni yake.

"Takwenya," Ngigi alimwamkia.

"Iko," aliitikia bila kuinua kichwa. "Umekuja peke yako. Ni mgonjwa au ni mambo?"

"Ni mambo."

"Basi shika huyu, mambo hayana meno."

Ngigi alivua koti na kuingia zizini. Alikuwa mtoto wa Kinangop, alijua kondoo wa baridi wenye manyoya mazito. Mbuzi hawa walikuwa mifupa na hasira. Alimshika mmoja kwa pembe, kisha mwingine, na kati ya mbuzi na mbuzi alisema alichokuja kusema. Alikisema kikavu. Simu imetoka. Haishiki mahali pasipo mlingoti, si katika nchi hii. Alisema itashika bila kujua, kwa kuwa alikuwa amechekwa.

Seleyian alimalizia mbuzi aliyekuwa mkononi mwake, akamwachilia, akafunga chupa.

"Lete niione."

Walikwenda mlangoni. Ngigi aliiwasha. Ilitoa mwanga mzuri, ikaonyesha picha ya milima isiyo ya nchi hiyo, na pembeni juu ikaandika kwamba hakuna huduma. Seleyian alisogea hatua moja nje, akaiinua. Akasogea upande wa zizi. Akarudi mlangoni. Kisha aliiweka sikioni, kama alivyoiweka ile sanamu mwezi wa tano, na akaiondoa.

Aliketi kwenye kigoda. Alitazama ule mlima anaoupanda kupiga simu.

"Unajua nimefanya nini?" alisema. "Nimewaambia wanawake wote wa kanisa. Nimemtumia dada yangu neno mpaka Rombo. Walikuwa wananiuliza, wewe mama wa binti mmoja, unampeana kwa watu wa mji, utakaa vipi? Nikawaambia nitamsikia kutoka mlangoni. Nikawaringia. Sasa mimi ndiye nimesema uongo, na wewe unapanda pikipiki unarudi."

"Nitawaambia ni mimi."

"Utaingia kwa kanisa la wanawake usimame uwaambie?"

"Nitaingia."

"Watakuvua nguo kwa mdomo." Lakini uso wake ulilegea kidogo. "Ledama akisikia atakufa kwa kicheko. Ataniambia, si nilikwambia, wametanguliza ngozi."

Ngigi hakuwa na kingine cha kutoa. Alikuwa amewaza njiani kumwahidi kifaa cha kuvuta network, kile kinachofungwa juu ya paa, kisha akagundua kwamba hakuwa na hakika kama kingefanya kazi hapo, na akakiacha kifie ndani.

"Kijana atanitesea binti yangu?" Seleyian aliuliza ghafla.

"Hapana. Kimani ni mtu mtaratibu."

"Na yule Mwalimu?"

Ngigi alifikiri kwanza. "Ni mkali. Lakini ndiye amenituma nije."

Seleyian aligeuka kumtazama. "Yeye amekutuma? Si wewe umekuja?"

"Ni yeye."

Mama huyo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepanga upya vitu kabatini. "Sikia basi. Kijana alete kondoo. Mimi na yeye tuitane kama watu. Hii simu mpe Naeku. Lakini kile nilichowaambia wanawake, lazima kiwe. Niliwaambia nitamsikia kutoka mlangoni kwangu. Simu haikufika, mtu atafika. Kila mwezi binti yangu aje, asimame hapa, nimsikie. Si mwaka mmoja. Mpaka hiyo setilaiti yenu ijue njia ya huku, au mpaka nife."

"Nitalipeleka neno hilo kwa Mwalimu."

"Usilipeleke. Lijibu. Hukuogopa kujibu siku ile."

Ngigi alifuta mikono iliyokuwa na mate ya mbuzi kwenye suruali yake. "Mimi naweza kujibia gari langu na siku yangu," alisema. "Kila mwezi nitafunga duka Jumamosi moja nimlete, kama mumewe yuko kazini. Hayo ni yangu. Ya kumruhusu, nitayaleta kutoka kwa Mwalimu mwenyewe."

Seleyian alimmiminia chai.

Waithera hakulipenda jambo hilo, na Ngigi alitarajia hivyo. Kwa watu wa rika lake, mkaza mwana anayerudi kwao mwezi kwa mwezi ni mkaza mwana aliyefukuzwa au anayenyanyaswa, na majirani hawaulizi ni lipi, hulichagua wenyewe. Alikuwa na ua wa nyumba usio na doa na watu wa kanisa waliokuja kwake kuomba ushauri wa ndoa. Alitembea kutoka dirishani hadi kwenye picha ya mumewe na kurudi.

"Gathoni wa kwaya ataanza kuhesabu safari," alisema.

"Ataanza, Mwalimu."

"Na hakuna njia nyingine aliyoikubali?"

"Sikumpa nyingine. Sikuwa nayo."

Alikaa. Ngigi alimwona akiyapima majina mawili, lile la nyumba mbele ya majirani na lile la nyumba mbele ya watu waliowafungulia lango, na ilikuwa wazi kwake kwamba yote mawili hayangetoka mazima.

"Mwambie sawa," Waithera alisema.

Mahari ilipelekwa kabla ya Krismasi. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanda wa Bisil ulikuwa na kijani kilichodumu siku chache. Kondoo alikuwa jike, mnene, bila alama wala kilema. Kimani alimkabidhi mama mkwe mwenyewe, na Seleyian akamwita Paker mara ya kwanza, kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa wazee. Ngigi alisimama mbele ya wanawake akawaambia kwamba ya simu aliyasema yeye, na hayakuwa. Walimvua nguo kwa mdomo kama alivyoonywa. Ledama alicheka mpaka akahitaji maji. Kisha watu wakala.

Harusi ilifuata, ya kanisani, na mwezi wa kwanza wa ndoa Kimani mwenyewe akamfikisha Naeku kwao. Mwezi wa pili kiwanda kilikuwa kinafunga hesabu, kwa hiyo Jumamosi asubuhi Ngigi aliegesha gari lake, Probox, nje ya lango la Waithera. Judy alibaki dukani akimwambia Obonyo, aliyekuja kutafuta habari za simu mpya, kwamba habari hazipo, msomaji amekwenda Bisil, na kama anataka kava anunue kava.

Naeku alitoka na mfuko wa unga na sukari, akaingia kiti cha nyuma. Ngigi alikuwa ameshawasha gari alipomwona Waithera akija kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa suti yake ya Jumapili, na mkoba mkononi. Alifungua mlango wa mbele akaketi, akafunga mshipi.

"Mwalimu, unashuka wapi?"

"Bisil."

Ngigi alimtazama Naeku kwenye kioo. Naeku alikuwa akitazama nje.

"Akienda peke yake watasema amekimbia," Waithera alisema, akinyoosha sketi yake. "Nikienda naye, watasema nini? Endesha, jua linapanda."

Walipopita kanisani, Gathoni alikuwa langoni akipanga maua kwenye ndoo. Waithera alishusha kioo akamwamkia kwa jina, akamweleza kwamba wanakwenda kuwaona watu wao, kisha akapandisha kioo tena.

Seleyian aliwaona tangu wakiwa mbali, na walipofika alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wawili wa jirani. Naeku alimwinamia mama yake, mama akamgusa kichwa, na wakaanza kuzungumza papo hapo, hata kabla ya mfuko kushushwa. Walizungumza Kimaa kwa kasi, mmoja akianza kabla mwenzake hajamaliza. Wanawake wa jirani walisikiliza kwanza, kisha wakaingia na wao. Ngigi alikwenda kwa mzee Kuntai, aliyekuwa akitazama kwato ya ng'ombe mchechemeaji, akashika kamba bila kuombwa.

Waithera aliletewa kigoda. Aliketi wima, mkoba magotini, katikati ya mazungumzo asiyoyaelewa, kwa muda ambao mtu mwingine angeuona mrefu. Kisha Seleyian alimletea chai mwenyewe, nyeupe ya maziwa, tamu jinsi inavyopikwa kwa mgeni wa heshima. Daktari alikuwa amemkataza Waithera sukari tangu mwaka juzi, na nyumbani kwake hata mabakuli ya sukari yalikuwa yametolewa mezani.

"Iko sawa, Mwalimu? Sukari imetosha?"

Waithera alikunywa. "Imetosha, mama Naeku," alisema, na baada ya kidogo akashikilia kikombe mbele ili aongezewe.